Sekunde Nne za Msaili

"Jina na daraja."

"Nakijwa Mrutu. Daraja la pili. Naomba kupanda la tatu."

"Huombi. Unadai. Moja... mbili..."

"Nadai!" Nakijwa akaropoka, na katika kugeuka kwake akagonga goti kwenye ukingo wa kitanda.

Elingaya Mmasi akashusha kijiko alichokuwa amekishika mbele ya mdomo, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha chumba kile, uso ameukunja, anaigiza sauti ya Msaili: kavu, si ya kike si ya kiume, haipandi wala haishuki. Jambo moja lilimshangaza Nakijwa kila siku ya mazoezi. Elingaya alizaliwa na kigugumizi. Kuagiza chumvi dukani tu kulimchukua muda, na wenye duka wasio na adabu walimmalizia maneno. Lakini akivaa sauti ya mashine, maneno yalimtoka mfululizo. Akiivua, kigugumizi kilikuwa palepale alipokiacha.

"M-mtani," alisema sasa kwa sauti yake mwenyewe, "tembea ukitaka, lakini usigonge vitanda. Msaili atadhani u-una mtu humo ndani."

Nakijwa hakuweza kukaa. Tangu asubuhi alikuwa amekizunguka chumba hicho cha kupanga kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kwenye ndoo ya maji, na kucha za mkono wa kushoto alikuwa amezimaliza. Usaili wa simu ulikuwa kesho, Jumanne, saa nane mchana. Akipenya, Alhamisi angeitwa kwenye usaili wa ufundi. Akipenya na huo, kulikuwa na mkataba wa miezi kumi na minane wa kutunza mitambo ya maji ya kanda nzima. Asipopenya, ghala la vitunguu lilikuwa linamngoja, na ghala halina usaili.

Siku hizo hakuna fundi wa mitandao aliyepata mkataba kwa barua. Barua ziliandikwa na mashine, zikasomwa na mashine, mpaka ikafika mahali hakuna aliyeamini barua ya mtu. Ikabaki sauti. Bodi ya Leseni ikaunda Msaili, naye akawa anawapigia mafundi wa mkataba kuanzia Tanga mpaka Kigoma, mamia kwa wakati mmoja, bila kuchoka na bila kukohoa. Na kwa kuwa watu wetu ni wajanja, wakaanza kuficha vinong'onezi masikioni. Swali linaulizwa Same, jibu linatoka kwa binamu aliyeko Arusha. Msaili akagundua kwamba jibu la kunong'onezwa huchelewa. Basi akajiwekea sheria: sekunde nne. Ukinyamaza zaidi ya hapo, ama hujui, ama unajuzwa, na kwake yote mawili yalikuwa kosa moja. Sauti ya kuigiza aliikataa vilevile. Alitaka ile uliyozaliwa nayo, pamoja na mapigo ya moyo wako chini yake.

Kwa hiyo Elingaya, aliyewafundisha vijana kumi na mmoja namna ya kumjibu Msaili, mwenyewe alikuwa hajawahi kuuvuka usaili wa simu tangu Msaili aanze kazi. Daraja lake la tatu lilikuwa la enzi za watu kusailiwa na watu.

"Tena." Kijiko kikarudi mdomoni, sauti ikanyooka. "Bwawa la Ngulwe, Machi mwaka jana. Lango la sita lilifungwa na mkono wa nani?"

Nakijwa alifungua mdomo. Sekunde mbili zikapita.

"Wangu. Kwa msaada wa..."

"Umefeli. Sajili ya Mikono inapokea jina moja kwa kazi moja. Ukitaja msaada, kazi inafutwa."

"Kaka, mimi sikulelewa hivyo. Bibi yangu alikuwa anasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"N-ndiyo maana bibi yako hakuwahi kupata mkataba," alisema Elingaya, sasa akiwa yeye mwenyewe. "Wapare bwana! Mtu akiwaibia kuku, mnauza ng'ombe mwendeshe kesi. K-kujisifu dakika moja, mnaona haya."

"Afadhali sisi. Mchaga angekuwa ameshamuuzia Msaili hicho kijiko."

Walicheka wote wawili. Kisha Nakijwa akaanza kutembea tena.

Ngulwe ndiyo ilikuwa nguzo ya wasifu wake wote. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ilipofika saa tano lango la sita likagoma kufunga, maji yanaelekea mashambani na kwenye nyumba za watu wa chini. Kompyuta ya bwawa ilikuwa imerundika amri mia kadhaa kwenye foleni; kila uliyemwona mbele ya kioo alikuwa anatuma amri nyingine juu ya zile, na foleni inazidi kurefuka. Elingaya alishuka mwenyewe langoni na simu ya upepo, maji yakamfika kiunoni. Wengine wakakimbia, Nakijwa akabaki peke yake chumba cha mitambo. Akasikia kwenye simu ya upepo, katikati ya ngurumo, sauti ya Elingaya akipiga kelele kwa nguvu zake zote: usitume kitu! Fungua la nne kwanza! La nne! Akafungua. Kisha, sasa la sita! Akafunga, na lango likatii.

Sajili, daftari la Bodi la nani amefanya kazi ipi, ilikuwa na vidole vya Nakijwa kwenye vitufe, sekunde kwa sekunde. Kutoka kwenye simu ya upepo ilipata sauti ya mvua tu. Ndiyo maana kazi ile ilikuwa bado imeandikwa haina mkono, na yeyote kati ya wale wawili angeweza kuidai.

"Lango la sita lilifungwa na mkono wa nani?" Elingaya akauliza tena kwa sauti ya mashine.

"Wangu," alisema Nakijwa.

"Vizuri," ikajibu sauti ile kavu, na Elingaya akatazama pembeni.

*

Jumanne, umeme wa mtaani kwa Nakijwa ukakatika, ikabidi usaili ufanyikie nyumbani kwa Elingaya, kwenye chumba cha nyuma chenye kuta nene. Alifika saa tano, mapema kupita kiasi, maana kukaa chumbani kwake kulikuwa kunamtia wazimu. Elingaya alikuwa ametoka kutafuta betri ya akiba. Nakijwa alimkuta mkewe, Mama Manka, barazani na ungo wa mchele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa." Mama Manka alisogea kidogo kwenye mkeka. "Umekula?"

"Hakishuki kitu, dada."

"Na mimi hakishuki."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Nakijwa akaokota chenga moja kwenye ungo, akaitupa, akaokota nyingine. Akauliza kama kuna mgonjwa.

"Hajakuambia?" Mama Manka aliweka ungo chini. "Si ajabu. Ijumaa leseni yake inakaguliwa. Mtu wa daraja la tatu lazima awe na kazi moja kubwa kwa jina lake ndani ya miezi kumi na minane. Kubwa aliyonayo ni moja, na unaijua."

Nakijwa aliijua. Mikono yake iliacha mchele.

"Ameidai mara tatu," Mama Manka aliendelea. "Mara zote tatu nimekaa hapa barazani, namsikia humo ndani anahangaika na neno moja. Analijua! Sekunde nne zinapita, ile mashine inamwambia asante kwa muda wako. Ya tatu alipotoka alisema tu, nitengenezee chai. Ijumaa akishushwa, anarudi kubeba ngazi na kuvuta nyaya chini ya vijana aliowafundisha mwenyewe."

"Kwa nini amekaa wiki mbili ananifundisha niitaje mimi?"

"Muulize yeye. Mimi na yeye tumegombana mpaka nimechoka." Aliuchukua tena ungo. "Sikukuambia ili uache, Nakijwa. Na wewe una njaa yako, naiona. Nimekuambia kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikutaka kuwa peke yangu siku hiyo."

Nakijwa alisimama, akaenda mpaka kwenye kona ya baraza, akarudi, akaenda tena. Upepo wa Same ulikuwa unavuma na vumbi lake, mabati yanapiga. Alikasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani. Alikuwa na hasira na Mama Manka kwa kumwambia, na hasira na Elingaya kwa kutomwambia. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana kitu cha kwanza alichojiuliza, kabla ya huruma yoyote, kilikuwa hiki: kwa nini asingengoja mpaka saa tisa, usaili uishe?

*

Elingaya alirudi saa saba na betri kwenye mfuko wa rambo. Aliwatazama wanawake wale wawili mara moja tu, akaelewa.

"Umemwambia," akamwambia mkewe.

"Nimemwambia."

Mama Manka akaingia ndani na ungo wake. Elingaya akaanza kuifunga betri kwenye simu, akakosea nyaya mara mbili.

"Nikiitaja mimi, wewe unaanguka," alisema Nakijwa.

"N-nimeshaanguka. Ni karatasi tu haijafika."

"Kaka, sifanyi utani."

"Wala mimi." Aliacha betri. Alipokuwa na jambo zito maneno yalimchelewa zaidi, na Nakijwa akamngoja, kama alivyozoea. "Ile kazi ikifika Septemba haina mtu, inakufa. Ha-haitakuwa yangu wala yako. Mimi nimejaribu. Wewe ulimi unao. Sasa unataka tukae wote wawili tunaiangalia ikifa, ili i-i-iweje? Tuonekane watu wema?"

"Ni wewe uliyeijua. Mimi nilibonyeza tu."

"Ulibonyeza pale wengine wote walipokuwa wanakimbia. Ha-hilo si dogo."

"Na nikilitaja jina lako?"

Elingaya akainuka. Hakuwa mtu wa hasira, lakini hapo ilionekana. "Nitapinga. Nimekuambia mapema. Sitaki k-kubebwa mgongoni na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika bisibisi. Wakinipigia, nitapinga."

Akaenda kusimama uani na mikono mfukoni.

Nakijwa akabaki na simu. Alikuwa amezisoma kanuni za Msaili mara nyingi mpaka akazikariri, na sasa kanuni ya tisa ikamjia yenyewe. Fundi akitajwa na mwenzake kuwa ndiye mwenye kazi, Msaili humpigia palepale amuulize kama anapinga. Sauti yake hailazimiki kuthibitisha kitu, maana shahidi ameshathibitisha. Akitaka kukataa, aseme napinga. Asiposema, amekubali. Aliyeitunga kanuni hiyo bila shaka alikuwa ameshuhudia posa nyingi, ambako binti akiulizwa akanyamaza, wazee hupokea kimya chake kuwa ndiyo.

Na muda wa kusema napinga ulikuwa sekunde nne.

Aliona vibaya kuwaza hivyo. Aliona kana kwamba ameingiza mkono mfukoni mwa mtu. Ulemavu uleule uliomnyima Elingaya kila kitu, yeye Nakijwa alikuwa anaupigia hesabu, tena kwa kitu ambacho mwenyewe amekikataa waziwazi akiwa na akili zake timamu. Ukimlazimisha mtu zawadi kwa kumziba mdomo, bado ni zawadi? Alijaribu kulijibu swali hilo akitembea kutoka ukutani hadi ukutani wa chumba cha nyuma, na kila alipofika ukutani aliona jibu tofauti. Saa nane ikamkuta bado anatembea.

Simu ikaita.

*

"Jina na daraja."

"Nakijwa Mrutu. Daraja la pili. Nadai la tatu."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Msaili akahesabu mapigo ya moyo ndani ya chumba. Akapata moyo mmoja, japo ulikuwa unakwenda mbio. Kisha maswali yakaanza kumiminika. Seva imepoteza saa yake, unaanzia wapi? Pampu mbili zinatoa taarifa zinazopingana, unaiamini ipi, na kwa nini? Mteja anataka ubadilishe programu mchana watu wakiwa wanatumia maji, unamjibuje? Nakijwa alijibu akiwa amesimama, mgongo umenyooka, kama alivyofundishwa, majibu mafupi, hili halafu lile. Hofu ilimtoka. Kwa dakika kumi na tano alikuwa mtu aliyejua kazi yake na kulikuwa na mtu wa kumuuliza, na ilikuwa miezi saba tangu aonje utamu huo.

"Bwawa la Ngulwe," alisema Msaili. "Lango la sita lilikuwa limegoma. Kwa nini lilifunguliwa la nne kwanza?"

"Kwa sababu amri mpya zilikuwa zinaingia nyuma ya foleni. Kutuma nyingine kungerefusha foleni tu. Lango la nne linatoa maji kwenye mfereji mtupu na lina njia yake ya amri. Likifunguka, kina cha bwawa kinabadilika ghafla, na mtambo ukiona kina kimebadilika unaitupa foleni nzima na kuanza upya. Hapo ndipo la sita linaposikia."

"Sahihi. Alama zako zinatosha daraja la tatu kwa sharti la kazi moja kubwa. Lango la sita lilifungwa na mkono wa nani?"

Moja.

Dirishani aliuona mgongo wa Elingaya uani, shati limejaa upepo. Mkataba wa miezi kumi na minane ulikuwa pale, karibu kiasi cha kuugusa.

Mbili. Tatu.

"Elingaya Mmasi."

"Rudia."

"Elingaya Mmasi. Mimi nilibonyeza. Aliyejua la kufanya ni yeye."

"Jina moja."

"Elingaya Mmasi," alisema Nakijwa kwa mara ya tatu.

"Imepokelewa. Kwa kukosa kazi kubwa, usaili wako wa ufundi wa Alhamisi umefutwa. Unaweza kuomba tena baada ya miezi sita. Asante kwa muda wako."

Kabla hajaishusha simu sikioni, simu nyingine ilikuwa inaita uani.

Nakijwa alitoka mbio. Elingaya alikuwa ameshaipokea, ameishika mbele yake kwa mikono miwili, na sauti aliyokuwa akiiigiza wiki mbili nzima ikawa inatoka humo, ile yenyewe.

"Elingaya Mmasi. Shahidi Nakijwa Mrutu amekutaja kuwa mkono wa kazi ya Ngulwe, lango la sita. Kama unapinga, sema sasa."

Elingaya akamtazama Nakijwa. Kisha akafungua mdomo.

"N-n..."

Mishipa ya shingo ilimsimama. Macho akayafumba, kama afanyavyo mtu anayenyanyua mzigo, na ile herufi moja ikawa inagonga kwenye meno yake, inarudi, inagonga. Nakijwa alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwake yeye Nakijwa, zima, jepesi. Angeweza angalau kupiga kelele, kuivuruga simu, kumwombea mwenzake muda. Akauma meno, akanyamaza.

"Na-n-na..."

"Hakuna pingamizi," alisema Msaili. "Kazi imeandikwa. Daraja la tatu limethibitishwa. Hongera."

Simu ikakatika. Ndani, Mama Manka, ambaye bila shaka alikuwa amebana nyuma ya pazia, akapiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akakikatisha katikati alipoona hakuna anayekiitikia.

Elingaya alibaki ameishika simu vilevile. Midomo yake iliendelea kuhangaika, na Nakijwa akagundua kwamba bado alikuwa analitafuta neno lile lile, japo hakukuwa tena na wa kumsikiliza.

"Napinga," akasema hatimaye. Likatoka safi kabisa.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaiweka simu chini kwa uangalifu. Nakijwa alitamani Elingaya amtukane, au amfanyie utani, au alie. Lolote ambalo angeweza kulipokea.

"Kanuni ya tisa," alisema Elingaya. "U-ulikuwa unaijua?"

"Niliijua."

"Na ulijua si-sitaweza."

Angeweza kusema alitumaini tu. Angeweza kusema hakuwaza mpaka huko. Nakijwa alihisi machozi yanamjia, na hakuyazuia.

"Nilijua, kaka."

Elingaya alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Uani mabati yaliendelea kupiga. Alipoanza kusema, neno la kwanza lilimkwama kwa muda mrefu, mrefu kuliko siku zote, na Nakijwa akasimama akangoja mpaka mwisho.

"S-siku nyingine," alisema, "niache nishindwe mwenyewe."

"Sawa, kaka."

Kisha Elingaya akasogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye ngazi, lakini hakumtazama.